JINA LILILOBAKI KUMBINI

Sehemu ya sita: Aliyeitika Si Mwenyewe

"Ndiye mimi, bwana!"

Sauti ile haikuwa yangu, msomaji. Mliniacha juma lililopita kwenye benchi, mbele ya Nyumba ya Mitambo ya umeme, Nachingwea, mwaka 1949, nimefumba kinywa kama mtu aliyemeza jiwe. Karani alikuwa ameita jina langu mara mbili na mara mbili sikuitika. Mara ya tatu akaitika mtu mwingine.

Na mtu huyo alikuwa Amiri, ndugu yangu wa kumbi.

Nikamkamata shati kwa nyuma.

"Kaa chini!" nikamnong'oneza. "Una wazimu?"

"Basi simama wewe."

Sikusimama.

"Umeona?" akasema Amiri. "Wewe umelitupa chini, mimi naliokota. Niache."

Akanibandua vidole kimoja kimoja, akaenda zake mlangoni.

Kama hukuwa nasi juma lililopita, jua hili tu. Jina lililoandikwa kwenye cheti changu cha shule ni jina la utoto, nililopewa kabla sijaingia jandoni. Kwetu Mbekenyera kijana akitoka kumbini, kwenye kibanda cha jando, jina lake la zamani hubaki huko pamoja na nguo zake kuukuu. Anayemwita mwanamume kwa jina lile amemvua nguo hadharani, na watu wamewahi kuchomana visu kwa jambo hilo. Lakini mwalimu wangu hakujali mambo ya kumbi. Niliingia kitabuni mwake na jina lile, na kwa jina lile nikatoka na cheti. Kwa watu wote mimi ni Kaimu. Hilo jingine sitaliandika hapa mpaka nilazimike.

Nafasi ilikuwa moja tu. Mwanagenzi mmoja, afundishwe ufundi wa umeme miaka mitano, kisha awe fundi kamili mwenye funguo zake. Kwa nafasi hiyo mama yangu, Mwanamvua, alitembea nami siku mbili kutoka Mbekenyera, Amiri akitufuata nyuma, cheti changu kakifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakuniamini nikishike mwenyewe. Asubuhi ile ndiye aliyekikabidhi kwa karani langoni kwa mikono miwili, bila kujua kusoma kilichoandikwa.

Sasa alikuwa ng'ambo ya seng'enge, na kikapu chake cha ming'oko, viazi vyetu vya porini vya kuchemsha, akinitazama na kungoja nivae ufundi. Nami nilikuwa nimekaa.

"Huyo aliyeingia ana jina la ajabu," akasema Isihaka wa Marambo, dereva wa trekta, mtu wa maneno mengi. "Mwanamume mzima anaitwa vile! Huko kwao ngariba hakufika?"

Benchi zima likacheka. Walikuwa wanaume kumi na tisa. Nikacheka nao.

Naam, nilicheka. Tangu siku ile kila ninapokumbuka kicheko kile masikio yananichoma.

"Mwacheni," Isihaka akaendelea. "Injini yenyewe itamwita jina. Juma lililopita ilimvunja kijana mmoja wa Ruangwa kifundo cha mkono. Alizungusha mpini bila kujua, mpini ukarudi nyuma, kah! Mfupa ukatoka nje."

"Bila kujua nini?" nikauliza.

"Ningekuwa najua ningekuwa hapa benchini?"

Niliondoka kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikazunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na dirisha la wavu. Nikajibanza chini yake.

Ndani alikuwamo Mzungu mkuu wa mitambo, tuliyemwita Bwana Mawani. Kiswahili alikijua nusu, na ile nusu nyingine alifanyiwa na karani wake, Saturnini, Mngoni wa Songea, mtu safi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Bwana anauliza," akasema Saturnini, "injini hii inakula nini?"

"Mafuta mazito, bwana karani. Ukiipa petroli unaiua."

"Ikitoa moshi mweusi?"

"Imelishwa kupita kiasi. Au pua yake imeziba, haivuti hewa."

"Nani kakufundisha?"

"Matrekta, bwana. Miaka miwili nilipaka grisi kwenye mashamba ya karanga. Mafundi wakilala chini ya gari, mimi nilikuwa nimelala karibu yao."

Bwana Mawani akacheka. Mimi nikauma mdomo. Kila swali aliloulizwa Amiri mimi nisingelijua. Cheti kilikuwa changu, na kichwa kilichostahili cheti kile kilikuwa shingoni mwa mtu asiyejua kusoma.

"Washa," akasema Bwana Mawani kwa kinywa chake mwenyewe.

Nikainuka kuchungulia. Niliona migongo tu. Amiri akainama kwenye injini, mkono wake wa kushoto ukafanya kitu pembeni, kitu kidogo, nikasikia tsss, kama nyoka. Kisha bega lake likazunguka, mara moja, mbili, tatu. Mkono wa kushoto ukarudi pale pale. Tu! Tu-tu-tu-tu! Nyumba nzima ikatetemeka, na balbu iliyokuwa juu ya meza ikawaka mchana kweupe.

Nilifurahi, nikachukia, yote kwa pamoja.

Lakini kulikuwa na barua. Barua ile ya maombi niliitunga mimi kwa shairi, kwa sababu niliona aibu kuomba kazi kwa maneno ya kawaida kama watu wengine. Chini yake sikutia sahihi. Jina la cheti nililikataa, na jina la Kaimu lingepingana na cheti. Nikaiacha wazi, nikijidai kwamba shairi langu lingejitambulisha.

"Bwana anasema," Saturnini akapaza sauti juu ya mngurumo, "maombi haya ya shairi yamemfurahisha. Soma mwenyewe, asikie."

Nikajua hapo ndipo mwisho wake. Amiri aliacha shule akiwa darasa la pili. Nikamwona ameshika karatasi. Sitawaficha, msomaji: nilitamani aanguke.

Amiri hakuitazama karatasi hata kidogo. Akakohoa, akainua kidevu, akaghani:

"Nawajia mabwanangu, nipeni kazi ya moto,
Na hii mikono yangu, si mikono ya mtoto,
Nitawasha taa zenu, mpaka ng'ambo ya mto,
Andikeni jina langu, wala msione zito."

Alilijua kwa moyo! Njia nzima kutoka Mbekenyera nililipigia kelele shairi lile, nikijisifu, na yeye nyuma yangu akinibebea mkeka. Alikuwa amelimeza lote, na kwa kinywa chake lilikuwa zuri zaidi.

Bwana Mawani akapiga makofi. "Jumatatu!" akasema. "Wewe anza Jumatatu!"



Nilirudi mbele ya nyumba kwa kujikokota. Amiri alikuwa ametoka na kusimama kizingitini, karibu na meza ya karani, jasho linamtiririka. Hakunitazama. Saturnini alikuwa amekunjua mkataba.

"Mkataba wa mwanagenzi hutiwa dole gumba na mzazi," akasema. "Yule mama wa asubuhi, aliyeleta cheti. Mwiteni!"

Amiri akageuka haraka. "Mama yangu alikufa, bwana karani."

"Alikufa lini? Nimepokea cheti mkononi mwake asubuhi hii! Askari, fungua lango, yule mwenye kikapu."

Mama akaingia. Alijifunga kanga vizuri, akafuta uso kwa kiganja. Alikuwa na furaha, kwa kuwa alidhani anaitwa kwa ajili yangu. Akapita mbele ya benchi, akaniona nimesimama pembeni, akamwona Amiri mezani, akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mama," akasema Saturnini. "Huyu ndiye mwanao?" Na hapo, mbele ya wanaume wote wale, akalitaja jina langu la utoto.

Mama akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

Inakupasa kuelewa hili. Kama ni mwiko kwa mtu wa njiani kulitaja jina lile, kwa mama ni mwiko mara kumi. Mama akilitaja anamrudisha mwanawe utotoni, anamtoa kwenye hesabu ya wanaume. Miaka saba mama hakulitamka, hata akiwa amekasirika, hata siku ya maziko ya baba.

Akanitazama. Macho yake yalisema wazi: sema wewe, mwanangu, mimi siwezi.

Niliinamisha uso, nikatazama vidole vya miguu yangu.

Mama akangoja. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha gulioni, maana lugha yake ni Kimwera:

"Huyo unayemtaja hayupo, bwana. Aliingia kumbini, akaishia huko. Nguo zake wakazizika. Mimi mwenyewe nililia. Hakurudi huyo. Alirudi mwingine."

Mtu yeyote wa Mbekenyera, wa Mbwemkuru, wa Marambo angeelewa. Benchi zima lilielewa, nikaona Isihaka ameacha kucheka, anatupa macho huku na huku kumtafuta mwenye jina. Lakini Saturnini alikuwa Mngoni wa Songea, na kwao hakuna jando. Alisikia kufa na kuzikwa. Akamgeukia Bwana Mawani, akamweleza kwa Kiingereza. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa: mwana wa mama huyu amekufa, amezikwa, na huyu kijana amemhadaa mfiwa alete cheti cha maiti.

Bwana Mawani alivua miwani yake. Uso uliokuwa ukicheka ukawa mwekundu.

"Mwizi!" akasema. "Mwizi wa mtu alikufa!"

"Si hivyo, bwana," mama akasema. "Sikiliza, mimi nasema—"

"Pole, mama. Nenda ukapumzike," Saturnini akamkatiza kwa upole mkubwa, kama mtu anayemfariji mfiwa. "Askari!"

Askari akaja na pingu. Amiri hakukimbia. Askari akamzaba kibao, kofia yake ikaanguka vumbini.

"Nani aliyekupa jina hili?" Saturnini akauliza. "Sema, utapunguziwa."

Amiri akanitazama mara moja tu. Tulitahiriwa kwa kisu kimoja, siku moja. Tulilala kwenye majivu ya moto mmoja. Ndugu wa kumbi hamfunui mwenzake mbele ya watu.

"Muulizeni mwenye jina," akasema.

"Mwenye jina amekufa!"

"Basi ngojeni afufuke," akasema Amiri, na pingu zikalia.

Mimi nilikuwa hatua nane kutoka pale. Mimi ambaye kwenye arusi za Mbekenyera hakuna aliyethubutu kujibizana nami kwa beti. Mimi ambaye niliwahi kumpiga mtu ngumi kwa kuniita mshairi wa kuokoteza. Maneno yote niliyoyajua yalikuwa yamekwenda, likabaki moja tu kooni, nalo lilikuwa lile.

Nikajiambia: ngoja. Watamwachilia wenyewe. Bwana ataelewa. Ngoja kidogo.

Wakaanza kumpeleka Amiri kwenye gari la kwenda bomani.

Mama alikuja upande wangu. Nilidhani atanilaani, na ningeshukuru. Hakunilaani. Akaweka kikapu cha ming'oko miguuni pangu, akafunua jani.

"Kula, baba," akasema. "Umechoka kusimama."

Basi. Akanipita, akaenda kuokota kofia ya Amiri, akaikung'uta vumbi kwa pindo la kanga yake, pindo lile lile lililobeba cheti changu.

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu.

"Jalala!" nikapiga kelele. "Jalala ni mimi! Mwacheni huyo! Jalala ni mimi!"

Ndilo hilo, msomaji. Sasa mnalo. Mama alizika watoto watatu kabla yangu. Nilipozaliwa mimi wa nne akaniita Jalala, mahali pa kutupia taka, ili kifo kikipita kisione cha kuokota.

Kicheko kikaanza.

"Jalala!" Isihaka akajishika mbavu. "Kumbe ni huyu! Huyu aliyekuwa anacheka nasi! Jamani, mpelekeni kwa ngariba kabla jua halijachwa!"

"Mtafutieni na mama wa kumnyonyesha!"

"Jalala bin Nani?"

Walicheka mpaka benchi likapinduka. Nilisimama katikati yao. Uso ulikuwa wa moto, machozi yalitaka kutoka, nikayazuia kwa meno. Nilidhani aibu itakuwa kicheko kile. Haikuwa. Kicheko kilipita juu yangu kama upepo. Aibu ilikuwa shavu la Amiri, lililoanza kuvimba, ambalo ningeliokoa kwa neno moja dakika kumi kabla.

Nikamweleza Saturnini yote: kumbi, jina, nguo zilizozikwa, mwalimu na kitabu chake. Alinisikiliza kalamu ikiwa hewani.

"Kwa hiyo mama hakusema mtoto amekufa?"

"Alisema mtoto amekua."

Saturnini akamtazama mama, akaona haya naye. Akamweleza Bwana Mawani. Walizungumza kwa muda mrefu. Bwana Mawani akavaa miwani, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akamtazama Amiri. Kisha akachukua barua yangu mezani, akaiweka mkononi mwangu, akatamka neno moja tu la Kiingereza, akaingia ndani.

"Anasema ujithibitishe," akasema Saturnini. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hataki tena maneno ya mtu yeyote. Mmoja wenu ni mwongo, na yeye hajui yupi. Wewe umeandika hapa kwamba mikono yako si ya mtoto, utawasha taa zao. Basi injini inazimwa sasa hivi. Ukiiwasha, wewe ndiye mwenye cheti na barua, na mwenzako anafunguliwa aende zake. Usipoiwasha, mnakwenda bomani wote wawili, yeye kwa kujiita wewe, wewe kwa kumpa jina lako."

Ndani, mngurumo ukakata. Balbu juu ya meza ikafa.

Mtu wa haki angesema: bwana, sijawahi kugusa injini maishani mwangu, mchukueni Amiri, yeye ndiye fundi. Nilifungua kinywa niseme hivyo. Lakini benchi zima lilikuwa limejazana dirishani, Isihaka mbele, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya kitoto, "Jalala, usijichafue!"

Nikaingia.

Ninyi mmekwisha kunijua mimi ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa bado najifunza.

Injini ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ya kijani, ya moto bado. Mpini wa kuwashia ulitoka ubavuni. Upande wa kushoto, pale ambapo mkono wa Amiri ulifanya kile kitu kidogo, hapakuwa na kijiko kimoja cha kuvuta. Palikuwa na vitatu, vya shaba, vyote sawasawa.

Kimoja kati ya hivyo kilisema tsss. Kipi?

Nikageuka. Askari alikuwa amemsimamisha Amiri mlangoni, pingu mikononi, mama karibu yake na kofia kifuani. Amiri alijua. Kidevu chake kingetosha kunionyesha: juu, kati, chini. Nilimwomba kwa macho, jinsi mama alivyoniomba mimi.

Amiri alinitazama muda mrefu. Halafu akageuza uso ukutani.

Nilivuta kijiko cha kati. Hakikusema tsss, hakikusema kitu.

"Washa," akasema Bwana Mawani.

Nikaukamata mpini kwa mikono yote miwili, mpini ule ule uliomvunja kijana wa Ruangwa. Nyuma yangu nikasikia Isihaka, safari hii bila mzaha, akisema, "Huyo mtoto wa watu atavunjika." Na mama akamsikia.

Miaka saba hakulitamka. Alilitamka sasa, kwa nguvu zake zote, jina lile alilonificha nalo kifo kisinione:

"Jalala! Mwanangu, acha!"

Lakini mpini ulikuwa umekwisha anza kuzunguka.